Vichwa Butu

Koplo alikuwa amezilaza bunduki mbili juu ya meza ya Inspekta, na kwa uso aliokuwa nao ungedhani amezifyatua yeye mwenyewe.

"Kesi imeiva, afande," alisema. "Kazi iliyobaki ni kupakua tu."

Inspekta hakuwa na haraka. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mwendo, na asubuhi ile mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Likizo imekwisha salama, magoti hayamuumi, na kiti chake kilichokuwa kikiyumba kwa muda mrefu, mtu amekitengeneza alipokuwa hayupo. Alikikalia, akajaribu kukiyumbisha, kikakataa. Akatabasamu.

"Haya, pakua."

Koplo akapakua. Juzi, watu wawili wenye vibali halali waliingia porini kuwinda mbogo. Mmoja alikuwa mwindaji wa leseni, mtu mkimya ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Chuma. Wa pili alikuwa mume wa dada yake, fundi saa, ambaye mwaka mzima hukaa ameinamia saa za watu, na mara moja kwa mwaka huenda kumtazama mbogo usoni. Wote wawili walibeba bunduki za wenzo, zile za mtindo wa kizamani ambazo unazikoki kwa kusukuma chini kipete cha chuma kilicho nyuma ya kifyatulio, kisha unakirudisha, bila kuitoa bunduki begani. Dereva wao alibaki ukingoni mwa matete. Alisikia milio, halafu akasikia sauti ya Fundi ikipasua hewa: "Shemeji kaniua!" Alipofika alimkuta mbogo amekufa, Fundi amekaa chini mkono wa kushoto umechanika, na Chuma amepiga magoti akiufunga kwa shati lake.

"Na jioni ya kuamkia siku hiyo," Koplo aliendelea, "dereva huyohuyo alimsikia Chuma akisema, 'Kesho ukichelewa tena kukoki, nitakupiga mimi kabla mbogo hajakupiga.' Ametishia, ametenda, na aliyetendwa amemtaja. Tena mwenyewe hakatai! Nilimuuliza kama ni yeye, akanijibu, 'Kama yeye kasema ni mimi, basi ni mimi.' Alasiri hii anapandishwa kizimbani kwa jaribio la kuua."

"Na Fundi mwenyewe anasemaje?"

"Anasema anakumbuka mlipuko tu. Daktari alituruhusu swali moja, akatukataza kumwambia lolote la kumshtua. Eti presha yake ilikuwa imepanda."

"Kwa hiyo hajui kwamba Chuma yuko ndani?"

"Hajui. Mkewe amemwambia kaka yake anashughulikia vibali."

Inspekta aligeuka kutazama dirishani. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mwanamke mwenye vyombo viwili vya chakula mapajani, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Alikuwa amempita wakati wa kuingia, wakasalimiana vizuri tu.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Cha kijani cha mume, chekundu cha kaka," alisema Koplo. "Ana kazi, maskini."

Inspekta alimhurumia yule mwanamke waziwazi, akasema "maskini" naye, kisha akaivuta bunduki ya Fundi karibu.

Chini ya mtutu kulikuwa na bomba refu, jembamba, ambamo risasi hukaa zimepanga foleni moja nyuma ya nyingine. Mahali ambapo mkono wa kushoto hushikilia, bomba lilikuwa limepasuka, chuma kimechanuka kama ganda la ndizi. Inspekta alivaa miwani. Alilitazama tundu lile kutoka juu, akalitazama kwa ubavu, akachukua kalamu akaigusisha kwenye kingo zake.

"Koplo, ukipigilia debe msumari kwa nje, midomo ya tundu inaangalia wapi?"

"Ndani, afande."

"Na hii?"

Koplo aliinama. Midomo yote ilikuwa imeangalia nje.

"Hapa ndipo ilipotokea," alisema upesi. "Itakuwa iliingilia upande wa pili."

"Nionyeshe."

Koplo aliigeuza bunduki, akaigeuza tena, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa pili wa bomba ulikuwa mzima kabisa. Alisema labda risasi iliteleza. Alisema labda iligonga mti kwanza. Alipofika kwenye labda ya tatu Inspekta alimkatiza.

"Tuachie labda nyingine za kesho. Niletee Chuma."

Chuma aliletwa. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na alikaa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Inspekta aliagiza apewe chai kwanza. Alikishika kikombe, hakunywa.

"Hebu nipeleke porini," alisema Inspekta. "Mimi mbogo namjua kwenye picha tu."

"Tulimfuata tangu asubuhi. Fundi alimpiga, lakini nyuma kidogo ya pale panapotakiwa. Akaingia kwenye matete. Mbogo aliyejeruhiwa hakimbii, afande. Anazunguka, anarudi kukusubiri kwenye njia yake mwenyewe. Ndiyo maana tunapenda bunduki hizi. Mbogo akitokea, hutapata nafasi ya kushusha bunduki na kuipandisha tena. Unakoki shavu likiwa hapohapo kwenye kitako."

"Ulisimama wapi?"

"Kushoto kwake, nyuma kidogo. Akatokea mbele yetu, kama kutoka hapa hadi kwenye mlango ule. Fundi alipiga, na mimi nilipiga. Milio yetu ililia pamoja. Halafu yeye akapiga kelele."

"Wewe ulipiga mara ngapi?"

"Mara tatu. Hizo mbili ni baada ya kelele."

"Na lile neno la jioni yake? Nitakupiga kabla mbogo hajakupiga?"

Chuma aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Makofi, afande! Nilikuwa nasema makofi. Mtu anamtazama mbogo kama anatazama bibi harusi, anasahau kukoki. Ungekuwa wewe usingemtisha?"

"Ningemchapa palepale," alisema Inspekta, na hakuwa akitania sana.

Alifungua bahasha yenye risasi zilizokutwa mfukoni mwa Chuma, akasimamisha moja mezani. Kichwa chake kilikuwa bapa, kama kimekatwa.

"Hizi mbona butu hivi?"

"Ndivyo zilivyo," alijibu Chuma bila hamu. "Bunduki ya wenzo yenye bomba inataka vichwa butu. Humo ndani kichwa cha risasi ya nyuma kinagusa kitako cha iliyo mbele yake, na kwenye kitako ndipo penye fataki inayowasha baruti. Ukitia zenye ncha, bunduki ikirudi begani kwa kishindo, ncha inagonga fataki ya mwenzake. Imekulipukia mkononi."

"Fundi anajua?"

"Nimemfundisha mwenyewe. Na risasi tunanunua pamoja, duka moja, aina moja."

Hakuuliza kwa nini anaulizwa. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile huona mlango wa kutokea hata pale usipokuwapo, akauparamia. Huyu alikuwa amefunguliwa mlango mzima mbele yake, na hakuuona. Inspekta aliliweka hilo akilini.

"Chuma, ulimlenga mbogo au ulimlenga mtu?"

"Nilimlenga mbogo."

"Sasa mbona hujitetei?"

Koplo, pale pembeni, alitazama saa ya ukutani.

"Risasi ikishatoka si yako tena," alisema Chuma mwishowe. "Matete yalikuwa yanatikisika. Mimi sikuona mkono wake, afande, siwezi kuapa. Na yeye aliyeumia amenitaja. Unajua kinachoniuma? Tangu amuoe dada yangu hajapata hata siku moja kuniita shemeji. Ananiita Chuma. Kwenye simu, Chuma. Mbele ya wakubwa, Chuma. Msibani, Chuma. Siku ile ndiyo kaniita shemeji. Mtu akiacha kukuita jina lako, ujue ameshakutoa moyoni."

Inspekta aliweka kalamu chini. Alimtazama Chuma, akamtazama Koplo, akaona kwamba Koplo hakusikia kitu chochote cha maana. Alifurahi ndani kwa ndani, furaha ile ya fundi cherehani anapoipata ncha ya uzi uliopotea.

"Kunywa chai yako," alisema. "Inapoa."

Chuma alipotolewa, Inspekta aliuliza vitu vya Fundi viko wapi.

"Stoo, afande. Nguo, viatu, na mkoba wake wa risasi. Nimevifunga lakiri."

"Mkoba uliufungua?"

"Vya majeruhi hivyo. Tulimchunguza mshitakiwa."

"Lete."

Mkoba ulifunguliwa mbele ya wote wawili, kama utaratibu unavyotaka. Inspekta aliumimina kwenye gazeti. Risasi zilitoka zikimeta, zimesuguliwa zikang'aa, mtu angeweza kuziweka kabatini kama mapambo. Kila moja ilikuwa na ncha kali. Alizigeuza. Kwenye maganda kulikuwa na mikwaruzo ya zamani iliyosuguliwa bila kufutika yote. Yalikuwa yamewahi kutumika, yakajazwa upya.

Koplo alirudi nyuma hatua moja. Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu, na uso wake uliangaza tena.

"Afande, hii ni mbaya zaidi! Chuma alimbadilishia risasi. Anajua bomba litalipuka. Amepanga kabisa!"

"Kaa basi tufikiri," alisema Inspekta. "Wewe umembadilishia mtu risasi ili zimlipukie. Polisi wanakuuliza. Utawaambia nini?"

"Nitasema... nitasema zilimlipukia. Bahati mbaya."

"Utakuwa wa kwanza kusema. Utatuletea mkoba mwenyewe. Huyu nimemuuliza habari za ncha na fataki, akanieleza kama mwalimu, kisha akarudi kuhofu kwamba huenda amempiga shemeji yake. Hajui kilichomo humu."

Koplo alikuna shingo.

"Na lingine," alisema Inspekta. "Umesikia alivyosema kuhusu kuitwa?"

"Kwamba Fundi kamkasirikia."

"Nenda idara ya wanyamapori. Yule mbogo walimchuna wao. Waambie wakupe kila risasi waliyoitoa mwilini, uniletee. Chuma anasema alipiga tatu. Nataka kujua zote tatu zilikwenda wapi."

Mwenyewe alitoka hadi kwenye benchi, akamwambia mke wa Fundi kwamba anakwenda hospitali na gari lina nafasi.

Njiani yule mwanamke alivumilia mpaka kwenye mzunguko wa pili wa barabara, kisha ikamtoka. "Afande, watu wananiuliza niko upande gani. Nikimlilia mume, nimemfunga kaka. Nikimtetea kaka, nimemsaliti mume. Nifanye nini?"

"Upo kiti cha nyuma, mama, katikati," alisema Inspekta. "Kaa hapohapo."

Mwanamke alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Wodi ilikuwa safi, yenye vitanda vichache na madirisha makubwa. Inspekta alianza kwa muuguzi, akauliza presha ya mgonjwa. Imetulia tangu jana, aliambiwa. Aseme naye, ila kwa upole. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, mchangamfu, mkono wa kushoto umefungwa ukawa mkubwa kuliko kichwa chake. Pembeni, kwenye kiti pekee, msichana mmoja alikuwa akimmenyea chungwa.

"Mke wangu na mgeni!" alisema Fundi. "Shemeji, mpishe afande kiti bwana, usimwache mtu mzima amesimama."

Msichana aliinuka. Inspekta hakukaa.

"Umemwita nani?"

"Huyu? Shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu." Fundi alishangaa swali. "Tena ni mtani wangu mbaya sana. Ananimenyea chungwa, vipande vizuri anakula mwenyewe."

Inspekta alikaa sasa, taratibu, akamshukuru binti. Akamuuliza anafanya kazi wapi.

"Duka la silaha, mama. Nipo kaunta. Lakini siku hizi bosi ananifundisha mashine ya kujaza risasi," alijibu, na hakuificha fahari yake.

Inspekta alitoa risasi moja ya mkobani, akaisimamisha kwenye kimeza cha dawa. Binti akacheka.

"Ah, hii ni yangu! Nilimpa zawadi ya safari. Nimezisugua mpaka mkono ukaniuma."

Fundi alikuwa amefumba macho.

"Afande," alisema, "nakuomba. Si hapa."

"Ni hapa hapa, Fundi. Kwa sababu wewe unaficha jambo ili kumlinda mtu, na hujui kwamba kuficha kwako kumemweka mwingine mahabusu. Chuma yuko ndani tangu juzi. Alasiri hii anashitakiwa kwa kutaka kukuua."

Fundi alifumbua macho. "Chuma? Chuma amefanya nini?"

"Dereva alikusikia ukisema, 'Shemeji kaniua.'"

Kwanza alitoa macho tu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyeamini, na katikati yake kikageuka kuwa kilio. Alitaka kuteremka kitandani, mkewe akamrudisha.

"Shemeji ni huyu!" alisema akimwonyesha binti kwa mkono wake mzima. "Nilipoona bomba limepasuka nilijua palepale ni risasi zake. Nikapiga kelele, mtu akiumia anachagua maneno? Chuma na ushemeji wapi na wapi? Chuma ni Chuma!"

"Kwa nini ulizitia, na ulijua kanuni?"

Fundi alijifuta uso. "Afande, zawadi ya shemeji utairudishaje? Alizileta zimefungwa utepe. Nikimwambia hazifai kwa bunduki yangu, atavunjika moyo, na ndiyo kwanza anaanza kazi. Yeye nilimtajia namba ya risasi, sikumtajia bunduki ya namna gani. Nikasema nizitie chache tu, nije nimwambie zimemwangusha mbogo. Nilidhani haitatokea. Na Koplo aliponiuliza nikasema sikumbuki, ili asifukuzwe kazi."

Chungwa lilianguka sakafuni. Binti alikuwa ameweka viganja mdomoni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Kaka yuko ndani kwa ajili yangu. Vidole vyako..."

"Ni mimi niliyezitia, si wewe!"

Hapo ndipo yule mke, aliyekuwa akihangaika baina ya kitanda na mahabusu siku zote hizo bila kuinua sauti, akawa mbogo.

"Nyamazeni wote wawili! Mmoja anaficha asimuumize huyu. Mimi naficha nisimshtue mgonjwa. Kaka yangu analala kwenye saruji, na nyinyi mnagombania nani mwenye makosa kama mnagombania zawadi! Andika, afande. Andika kila kitu, asije akasema tena hakumbuki."

Inspekta aliandika, na Fundi akatia saini kwa mkono wa kulia, ambao ndio wa koleo na bisibisi. Wa kushoto, alieleza mwenyewe, umepoteza vidole viwili vya mwisho, lakini dole gumba na mwenzake vipo, na saa haihitaji zaidi ya hivyo kuishikilia. Alieleza pia mengine ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla, na Inspekta akayaandika hayo kwa mwandiko mzuri zaidi. Binti aliambiwa aje kituoni na bosi wake, kwa sababu bosi ndiye mwenye leseni na ndiye atakayejibu kwa nini mwanafunzi alitoa risasi bila kukaguliwa. Hatalala ndani mtu kwa zawadi. Binti alimshika Inspekta mkono, akashindwa kusema asante, akasema tu "mama, mama."

Kituoni, Koplo alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa na kifuko cha nailoni, na mara hii uso wake haukuwa na sherehe.

"Mbali na zile zenye ncha za Fundi, zilizokuwa butu, zilizobondeka, ni tatu," alisema. "Zote zilitoka kwa mbogo. Nilizitafuta mwenyewe."

"Umefanya kazi nzuri."

"Afande, ningempeleka mtu mahakamani."

"Ungempeleka. Sasa nimeshampigia mwendesha mashitaka, amefuta. Chukua ufunguo."

Walikwenda pamoja. Chuma alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chombo chekundu pembeni yake hakijaguswa. Koplo alifungua, akasema bila kuambiwa: "Risasi zako zote tatu zilikuwa ndani ya mbogo. Hukumpiga. Nisamehe, kaka."

Chuma alimtazama kama anayesemeshwa lugha ngeni. Inspekta aliinama kadiri mwili ulivyomruhusu, akamweleza yote: risasi zenye ncha, utepe, duka la silaha, na ni shemeji yupi aliyelaaniwa kwenye matete yale. Chuma alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkono wake?"

"Vidole viwili vimekwenda. Kazi ataifanya."

"Anajua kwamba..." Hakumaliza.

"Anajua zaidi ya ulivyotuambia wewe," alisema Inspekta. Akafungua karatasi, akavaa miwani, akasoma. "'Bunduki ilipolipuka nilianguka, na mbogo alikuwa bado anakuja. Nilijua nimekwisha. Chuma akaruka akasimama mbele yangu, akapiga, akakoki, akapiga tena, mpaka mbogo akaangukia miguuni pake. Angeweza kukimbia.' Ndivyo alivyosema."

Mwindaji yule, aliyekuwa hajatoa chozi tangu alipokamatwa, alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa akalia kwa sauti bila kuona haya. Koplo akaangalia ukuta. Inspekta hakuangalia kwingine; alisubiri.

"Hebu rudia," alisema Chuma alipoweza. "Alisema nani aliruka?"

"Chuma," alisema Inspekta. "Hapa imeandikwa Chuma."

Mtu yule akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.